Ngozi ya Mbawala wa Mwisho

Wajukuu, zamani inabisha hodi!

"Karibu, ipite tuisikie!"

Ilikuwa siku ya nne tangu mwezi wa vuli uandame, saa moja asubuhi, ndui ilipomuua mtawala wa milima ya Upare. Milimani humo waliishi mbawala weupe.

"Weupe kama nini, Bibi?"

Kama mtindi, na mstari wa kijivu mgongoni. Mmoja, si miwili. Hamjawaona, wala mimi, wala bibi yangu.

Kila mtawala mpya alikalia ngozi mbichi ya mbawala. Ya marehemu haikurithiwa. Walisema humvuta mkaliaji kaburini. Basi ndui ikaua babu, wakaua mbawala. Ikaua baba, wakaua mbawala. Mwishowe, asubuhi ile niliyoitaja, ikaua ami. Haya, katika ukoo huo akabaki kijana Mbonea, na mama yake Nakijwa, ambaye kwa desturi ndiye wa kumtandikia mwanawe ngozi.

Mwindaji Senzighe akarudi kutoka msituni, kichwa chini. "Mama, amebaki mmoja tu. Jike. Tena ana mimba."

"Mwacheni," alisema Nakijwa. "Mwanangu, keti chini."

Wazee wakacheka. "Chini? Kama kuku anayeatamia?"

"Mtawala wa mavumbi huyo!"

Mbonea akainamisha uso. "Mama, wakinicheka leo, kesho nani atanitii?"

"Na mwanao atakalia nini?"

"Ya mwanangu atayajua mwenyewe. Senzighe, nenda!"

Akaenda, wajukuu. Jioni akarudi na mzigo begani. Walipomchuna yule mbawala wakakuta mtoto tumboni, dume, manyoya yameshaota. Hakuna aliyecheka tena.

"Tungesubiri azae," alinong'ona Senzighe.

"Subiri sasa," Nakijwa alimjibu.

Asubuhi iliyofuata, ngoma zikilia, Nakijwa aliichukua ngozi, akampita mwanawe bila kumtazama, akamviringishia humo mtoto wa mbawala, akamzika. Mbonea akaketi chini, kwenye udongo mtupu. Wazee wakatazamana. Kisha wakampigia makofi ya utawala, yaleyale waliyompigia baba yake, wala hayakupungua hata moja.

Nakijwa akayasikia makofi hayo. Akakaa kando ya kaburi lile dogo, mikono imejaa udongo, akalia kilio cha mfiwa.

Anayekaanga mbegu, wajukuu, asililaumu shamba. Kisa kimekwisha, majonzi yabaki.

"Yabaki, Bibi, tusije tukasahau."