Mawifi Watatu na Jina Moja

Sogeeni karibu. Mwenye haraka na aondoke sasa, maana kisa hiki nilikipokea hakina mwisho, na simruhusu mtu kutoka hapa kabla hajanisaidia kuutafuta.

Palikuwa na mke wa mtu Unguja mjini, mtaa wa Kikwajuni, jina lake Arafa. Aliolewa na Khalfan, na aliyeolewa na Khalfan ameolewa na dada zake watatu pia, kwa sababu nyumba ni moja, jiko ni moja, na hata shuka huanikwa kamba moja. Mawifi hao Mungu alimjaalia kila mmoja chake.

Mkubwa, Thureya, alijaaliwa kumbukumbu ya watu. Arusini, watu wamejaa mpaka barazani, yeye husimama katikati akasema, "Bi Mgeni hajala. Na yule bibi wa Makunduchi, mbona simwoni?" Ukienda kutazama, kweli Bi Mgeni hajala, na bibi wa Makunduchi kalala chumba cha nyuma hakuna aliyemjali.

Wa kati, Raiya, alijaaliwa ulimi. Si ulimi wa matusi, la. Ulimi wa kuomba. Aliwahi kumfuata bwana arusi aliyeghadhibika akapanda boti la Dar es Salaam, akamsemesha palepale ngazini, akamrudisha kwa mkewe huku anacheka.

Mdogo, Warda, alijaaliwa maji. Akizama, walio juu husoma Fatiha taratibu, wakaanza ya pili, ndipo kichwa chake kinaibuka mbali na pale walipokuwa wakipatazama.

Na Arafa je? Mimba ilipoingia, watani wakasema yeye kajaaliwa usingizi. Alilala akichambua mchele. Alilala kwenye kiti cha msusi, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka.

Basi akaja ami yao kutoka Maskati, Ami Nassor, mtu mpana wa mwili na wa moyo. Akasema, "Ndugu yangu kafariki nimeachiwa mabinti, na sijapata kuwafurahisha." Akakodi boti. Si mashua, jamani, boti: jeupe, la ghorofa mbili, lina viti vya ngozi, lina chumba cha kulala chenye kiyoyozi, na mpishi wa kofia ndefu anayepitisha sharubati yenye majani ya mnanaa. Khalfan alikuwa na zamu kazini, na bahari humtapisha, kwa hiyo akabaki. Arafa akaenda na mawifi zake.

Waliondoka Fumba asubuhi, bahari imetulia kama maji ya karai. Kituo cha kwanza kilikuwa fungu la mchanga katikati ya bahari, jeupe mpaka linaumiza macho, lile ambalo maji yakijaa halionekani tena. Wakaoga, wakapigana picha, Ami Nassor akaingia majini na kanzu yake. Kwenye ncha ya fungu palikuwa na jabali la matumbawe, chini limeliwa na maji, juu limetokeza kama uyoga. Arafa akakiona kivuli cha jabali. Miguu ilikuwa imevimba, macho mazito.

"Warda," alimwambia wifi yake mdogo, "nakwenda kujinyoosha pale nyuma ya jabali. Mkitaka kuondoka uniamshe."

"Sawa, wifi," alisema Warda, miwani ya kuogelea ipo kwenye paji la uso. Mara akapita kasa, na Warda akamfuata.

Wakati wa kuondoka ulipofika, kiboti cha mpira kikawavusha watu kwa safari mbili mpaka kwenye boti kubwa. Thureya alipanda ya kwanza na Ami Nassor, akasema moyoni: Arafa atakuja na Raiya. Raiya alipanda ya pili, akasema moyoni: Arafa katangulia na Dada. Nahodha Makame akauliza, "Wote tayari?" Raiya akamjibu, "Wote, baba, twende." Warda aliogelea mwenyewe mpaka botini, kichwa kimejaa habari za kasa. Na kwa kuwa boti lina chumba cha kulala, na Arafa ni Arafa, kila mmoja alidhani mja mzito yumo chumbani, kajifunika shuka.

Arafa aliota anadekiwa. Aliona yuko nyumbani, mtu anadeki sakafu na maji yanamgusa miguu, akasema, "Pitisha huko kwingine, nimelala." Alipofumbua macho hakujua yuko wapi. Mchanga aliolalia ulikuwa umegeuka maji. Fungu lote lilikuwa limebaki kama mkeka, na ule mkeka nao ulikuwa unakunjwa mbele ya macho yake. Boti aliliona mbali kule, dogo kama jino la mtoto.

Kwanza alicheka. Alidhani ni mzaha wa mawifi. Kisha akafikiri labda yeye ndiye aliyekosea, labda walimwamsha akakataa. Kisha likamjia wazo baya, kwamba huenda hawakumsahau. Akalifukuza, likarudi. Maji yalipofika magotini akaanza kuita. Aliita Thureya, aliita Raiya, aliita Warda, na mpaka leo ukimuuliza aliita nani kwanza, hajui. Akajaribu kulipanda jabali, lakini ukingo wake ulikuwa juu na mkali kama wembe, ukamchana viganja. Akalikumbatia tu. Mtoto tumboni akacheza, na Arafa akamwambia, "Tulia, mwanangu. Wanakuja." Hakuwa na yakini kwamba wanakuja.

Huko botini walikuwa wamekwisha kutia nanga karibu na kisiwa kimoja, na meza imeandaliwa: kamba, pweza wa nazi, wali wa zafarani. Thureya alichukua kijiko, akakiweka. Akakichukua tena, akakiweka.

"Arafa hajala," alisema.

"Mwache alale," Ami Nassor alisema. "Mja mzito usingizi ni dawa."

"Hata. Tangu fungu sijamsikia akikohoa, sijamsikia akilalamika miguu." Akainuka, akashuka chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile, bila hata kunyanzi. Akarudi juu kashika kichwa. "Arafa hatunaye! Jamani, Arafa tumemwacha!"

Lau si Thureya, wangekula, wangekunywa chai, wangemwamsha jioni asiyekuwepo.

Wote wakamkimbilia nahodha. Kiboti cha mpira kilikuwa kimekwenda upande wa pili wa kisiwa na mabaharia. Nahodha Makame akatazama bahari, akatikisa kichwa. Njia ya mkato imejaa matumbawe, alisema, na njia ya kuzunguka ni ndefu. Akipasua boti watazama wote. Bora wangoje kiboti. Ami Nassor akamfokea. Nahodha akakunja mikono. Hapo Raiya akamsogeza ami yake pembeni, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Nahodha, sikwambii uvunje boti la watu. Nakuomba uende kwa njia ya mkato mpaka pale utakaposema mwenyewe, hapa basi. Ukisema basi, sitaongeza neno."

Nahodha akamtazama. Kisha akawasha mashine.

Wakaenda kidogo. "Hapa basi, nahodha?" Raiya aliuliza.

"Bado kidogo."

Wakaenda. Matumbawe yalionekana chini ya maji, ya kahawia, karibu ya kuguswa. "Hapa basi?"

"Bado," alisema nahodha, jasho linamtoka, "namwona mtu."

Lau si Raiya, wangekaa wamemkumbuka, wamemlilia, na nanga imo majini.

Hatimaye boti likasimama, na kweli halikuweza kwenda zaidi. Arafa alionekana, maji ya kifua, amelikumbatia jabali, kila wimbi linampandisha na kumshusha. Kati yake na boti mkondo ulikuwa unapita kama mto. Warda hakuuliza mtu. Alilivaa boya lenye kamba, akaruka. Alikwenda, akazama, akaibuka, mkondo ukamsukuma pembeni, akarudi. Kamba ikaisha kabla hajafika. Mabaharia wawili waliobaki wakapiga kelele, "Rudi!" Warda akaifungua ile kamba kwenye boya, akaiacha, akaendelea.

Alipofika, Arafa alikuwa hazungumzi tena. Warda akamvika boya, akamwambia, "Lala chali, wifi. Wewe si bingwa wa kulala?" Akamsukuma kidogo kidogo, akiligeuzia mgongo kila tumbawe ili achanike yeye. Wakaufikia mwisho wa kamba uliokuwa ukielea, wakaushika, wakavutwa.

Lau si Warda, wangefika, wangemwona, na wangetazama tu.

Botini kila mtu alilia. Arafa, meno yanagongana, taulo juu ya taulo, alisema mbele yao wote, "Nimeweka nadhiri. Mwanangu akiwa wa kike, aliyeniokoa ndiye somo yake, nitampa jina lake."

Alisema "aliyeniokoa." Hakufikiri.

Miezi ikatimia, Arafa akajifungua salama. Mtoto wa kike.

Na mnajua uzito wa somo. Somo si jina la kuitana tu. Somo ndiye atakayemfunda binti akikua, ndiye atakayesimama mlangoni siku ya arusi yake. Na wazee husema mwenye jina huacha na tabia yake. Kwa hiyo yule mtoto angepata ama kumbukumbu ya watu, ama ulimi, ama ushujaa wa majini.

Siku ya tatu Thureya aliingia na kanga mpya, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Arafa, mimi sisemi kitu. Lakini kama nisingekumbuka, hao wenzangu wangefanya nini? Utamwendea vipi mtu ambaye hujui kama umemwacha?" Akamchukua mtoto, akamnusa kichwani. "Na mimi Mungu hakunipa wangu."

Raiya akasikia akiwa ukumbini. "Dada alikumbuka," alisema akiingia, "lakini kukumbuka kwa mtu aliyeketi si kuokoa. Lingeondoka boti lile bila mimi? Ami kafoka, likaondoka? Nina wavulana watupu, Arafa, sina wa kumwachia maneno yangu."

"Nahodha alipouliza wote tayari, nani alimjibu twende?" Thureya aliuliza.

"Na nani aliyepanda safari ya kwanza akamwacha nyuma, viti vikiwa vitupu?" Raiya alijibu.

Warda alikuwa mlangoni, makovu ya matumbawe bado mekundu mgongoni. "Nyote mlikuwa juu mmekauka," alisema. "Mie ndiye niliyeingia."

Dada zake wakamgeukia pamoja. "Na wewe ndiye uliyeambiwa umwamshe!"

Warda akaushika mlango. Kisha akasema, "Ndiyo. Ndiyo maana niliifungua kamba." Akatoka.

Arafa akabaki kamkumbatia mtoto. Akimtazama huyu, anamwona mwokozi. Akimtazama tena, anamwona aliyemwacha. Waliomsahau ni wao, na waliomkumbuka ni wao. Akamuuliza mumewe. Khalfan akavaa kofia. "Mke wangu, hao ni dada zangu wa tumbo moja. Nikifungua mdomo sitalala nyumba hii." Akaenda msikitini, na sala bado.

Akafikiri kumpa mtoto majina yote matatu. Lakini mtoto wa masomo watatu siku ya kufundwa atamsikiliza nani?

Akamwendea mama mkwe, Bi Zuwena. "Mama, nimwite jina lako. Atakayekataa jina la mama yake ni nani?"

Bi Zuwena akaendelea kuchambua ubani wake. "Nakushukuru, mwanangu. Lakini mimi sikuwemo botini. Jina hilo hunipi, unajificha nyuma yake. Nadhiri uliweka wewe, na iko shingoni mwako."

Siku ya saba ikafika. Mbuzi wa akika kachinjwa, udi unafuka, nyumba imejaa. Mtoto kanyolewa, kalala kwenye mikono ya Arafa kwa shuka nyeupe. Khalfan akainama, mbele ya watu wote, akamuuliza mkewe, "Mtoto tumwite nani?"

Thureya alikuwa kulia, ameshika kona ya shuka. Raiya alikuwa kushoto, ameshika kona ya pili. Warda alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kutoka.

Arafa akawatazama mmoja baada ya mmoja. Akarudia tena, kutoka mwisho kuja mwanzo. Watu wa barazani wakachungulia madirishani. Akafungua mdomo.

Aliyenisimulia alikomea hapo, na nilipomshika mkono aendelee aliniambia kwamba hata yeye alipokisikia kilikuwa kimekatwa papo hapo. Basi nawatupia ninyi. Mmoja alikumbuka, mmoja aliomba, mmoja aliogelea. Na kila mmoja, kabla ya hapo, alisahau. Jina ni moja, mtoto ni mmoja, nyumba ni moja na wataendelea kuishi humo. Je, wewe ungekuwa Arafa, ungemwita nani?