Kidole cha Chiku na Karatasi ya Visanduku Viwili

Sogeeni karibu. Anayetafuna muhogo atafune taratibu, maana mwisho kuna swali, na "sikusikia vizuri" si jibu.

Palikuwa na mama mmoja, Hidaya, wa kijiji cha Kwekidongo. Ni kijiji cha wafinyanzi, ambako hata kuku hunywa maji kwenye kigae kizuri kuliko sahani yako ya sikukuu. Hidaya alijaliwa mkono mwepesi. Mwepesi kufinyanga, mwepesi kusonga ugali, na mwepesi kutua mgongoni mwa mtoto kabla mtoto hajamaliza kosa lenyewe. Watoto wa majirani wakimwona anaweka ungo chini tu, wanaomba radhi, hata wasio na kosa.

Mumewe, Shemdoe, alijaliwa ulimi. Mkono wake haukujua kupiga hata mbu. Mbu akimuuma, alimsemesha. Akimketisha mtoto kwa ajili ya kijiko kilichopotea, alianzia siku babu yake alipohamia Kwekidongo, akapitia mwaka wa nzige, akafika kwenye kijiko wakati kivuli kimeshahamia ukuta wa pili. Mtoto aliinuka amekiri na makosa ya mwaka jana.

Mama yake Shemdoe, Bibi Zaina, alijaliwa kuchukia mikono mitupu. Hapigi, hasemi. Ukimpitia umefumbata mikono, unajikuta umekaa na kunde za kuchambua, wala hukumbuki ulikubali saa ngapi.

Na mtoto wao, Chiku, mwenye miaka saba, alijaliwa kidole.

Kile cha kuonyeshea, cha mkono wa kulia. Akiona chungu kibichi kimeanikwa kivulini, laini, kinang'aa kwa kusuguliwa na kijiwe, kidole kilimwasha. Tobo! Moja tu, ubavuni, na huyo mbio. Sasa chungu chenye tundu ubavuni utakipikia nini? Mchuzi utaula wewe au utaula moto?

"Mwenzangu, hicho si kidole, ni msumari," alisema jirani yao, Mama Siwema. "Siku nikimtia mkononi usinilaumu."

"Ukimpata mchape," alijibu Hidaya. "Wangu mkono una ganzi."

Basi ikaja karatasi kutoka wilayani. Aliileta Bi Tabu, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi wa gunia, akaisoma uani kwa Hidaya, majirani wakisikiliza. Wakubwa walikuwa wanataka kutunga sheria, wakauliza: mzazi aruhusiwe kumchapa mwanawe, au asiruhusiwe? Visanduku viwili. Kitongoji kizima, tiki moja.

Hidaya alirudisha tonge sahanini. "Yaani nimchape mwanangu wa kumzaa, nilale mahabusu? Na huyo mtoto atapikiwa na nani?"

"Atapika baba yake," alisema Bibi Zaina, macho kwenye udongo. "Ataupigia unga hotuba mpaka uive."

Watu walicheka, Hidaya hakucheka. Yeye njia ya kulea aliyoijua ilikuwa hiyo moja, aliyopewa na mama yake, naye mama yake na wake. Wakiipiga marufuku, abaki na nini? Atakuwa mama gani, wa kukaa anaangalia?

Kikao kilikaa, kikabishana mpaka mbuzi wakajirudisha wenyewe zizini. Mwisho Bi Tabu akagonga miwani. "Hapa hapatoki kitu. Chiku ndiye kipimo. Akifika siku ya kuchoma bila kutoboa chungu, tutatazama nani kamponya. Njia ya huyo ndiyo tutakayoitilia tiki."

Siku ya kuchoma, kwa wafinyanzi wa Kwekidongo, ina masharti yake. Vyungu vya wanawake sita hupangwa pamoja, vikafunikwa kuni na majani makavu, moto ukawashwa. Kuanzia hapo mpaka majivu yapoe hakuna kupaza sauti, hakuna kupiga mtu, hakuna kulia. Moto unasikia, na ukisikia ugomvi vyungu vinapasuka. Ukizidiwa na hasira unavuka kijito, unatukana ng'ambo, ukimaliza unarudi na adabu zako. Ndoa nyingi za pale zimeokolewa na kijito kile.

Zilibaki wiki tatu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya Hidaya. Kila kidole kilipoinuka, mkono ulitua. Chiku akajifunza kuusikia kwa mbali, kwa mlio wa bangili mbili za shaba. Bangili zikilia, kidole kinarudi kiganjani. "Mnaona?" Hidaya aliwaambia wenzake kisimani. "Siku nne, hakuna tundu." Siku ya tano alikwenda kuteka maji, bangili kaziacha nyumbani. Aliporudi, matundu manne, moja kwa kila siku iliyopita.

Wiki ya pili ikawa ya Shemdoe. Alimketisha mtoto mbele ya chungu kilichotobolewa, akamweleza kilikotoka: bondeni, mabegani mwa bibi yake, kikatwangwa, kikakandwa. Alimweleza mpaka paka akaondoka. Chiku alilia kwa huruma ya udongo, akakiomba chungu msamaha. Kesho yake akatoboa kingine. "Hiki hukunieleza, Baba," alisema.

Ya tatu, Bibi Zaina hakumwita mtu. Alimtupia Chiku donge la udongo mapajani. "Kamata." Chiku akafinyanga kichungu cha saizi ya yai, kimepinda upande kama anayeumwa jino. Akakisugua siku mbili. Siku ya tatu Bibi akapita, akanyoosha kidole chake kizee, na tobo! katikati ya ubavu.

Chiku alipiga ukelele uliosikika mpaka msikitini.

"Eeh," alisema Bibi, akaenda zake.

Siku ya kuchoma ikafika. Asubuhi, moto wa kwanza umeshawashwa, watu wananong'onezana kama wako msibani. Hidaya alisimama nyuma ya rundo la majani, macho hayambanduki mwanawe. Mitungi ya mwisho, mikubwa, ilikuwa bado kivulini ikingoja moto wa pili, na kati yake na Hidaya ule wa kwanza ulikuwa na joto la kuchoma nyusi. Chiku alikuwa amesimama kando ya mitungi. Kidole chini. Hidaya akavuta pumzi.

Mara akatokea Siwema, mtoto wa jirani, miaka mitatu, pua inachuruzika. Akaukodolea macho mtungi mkubwa kuliko yote, wa Hidaya mwenyewe, alioufinyanga siku sita. Akanyoosha kidole. Mambo haya yanaambukiza kama upele.

Hidaya yuko mbali, na kupiga kelele ni mwiko.

Chiku akainua mkono. Juu kabisa, kiganja wazi. Siwema akaganda, kidole unywele mmoja kutoka kwenye mtungi. Mkono haukushuka.

Siwema akakunja uso, mdomo ukaanza kufunguka kwa kilio, na moto unasikia! Chiku akachuchumaa mbele yake, akaanza kwa sauti ndogo, nzito: "Sikiliza, mwanangu. Babu yangu alipohamia kijiji hiki..." Siwema akafunga mdomo. Alishangaa, au alisinzia, hakuna anayejua.

Kisha Chiku akamega donge la udongo akamtia mkononi. "Kamata." Siwema akaenda kukaa chini, akafinyanga kitu alichosema ni ng'ombe, mpaka majivu yakapoa.

Vyungu vilifukuliwa. Hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Bi Tabu akatoa karatasi. Majivu yalikuwa yameshapoa, lakini kwa mazoea wakavuka kijito upesi, maana maneno yalikuwa yamewajaa mashavuni.

"Mkono ndio uliosimamisha kidole!" alisema Hidaya. "Bila mkono, mtungi una tundu kabla babu yako hajafungasha mizigo."

"Mkono ulioinuka ukakataa kushuka, mke wangu? Huo si wako, wako haujawahi kukwama njiani," alisema Shemdoe. "Na kilio kilizimwa na nini? Maneno! Yule mtoto angelia, tungekuwa tunazoa vigae."

"Mngemaliza mkono, mkamaliza maneno," alisema Bibi Zaina, "halafu angerudi. Watoto hurudi. Asiyerudi ni mwenye kazi."

"Lakini angeogopa mkono asioujua?" alisema Mama Siwema. "Mwanangu mimi namchapa. Ndiyo maana aliganda."

"Na ndiyo maana alitaka kutoboa?" aliuliza Shemdoe.

"Mwambieni huyu asinianze!"

Bi Tabu akamgeukia Chiku. "Wewe, bibi mkubwa. Mbona hukumpiga?"

Chiku akafikiri. "Nilitaka."

"Eeh, halafu?"

"Akanitazama hivi." Akaonyesha: shingo imeingia mabegani, jicho moja limefumbwa.

Hidaya alikuwa na maneno tayari mdomoni, mazuri, yenye makali. Akayameza. Ile shingo aliijua. Alikuwa akiiona kila siku kutoka juu, na siku zote alidhani ni adabu. Na ule mkono aliouinua Chiku, vidole vimetanuka, kidole gumba kimejikunja, aliujua pia. Ulikosa bangili tu.

Hata hivyo mtungi wake ulikuwa mzima, na aliyeuokoa ni mkono ule ule.

"Hidaya," alisema Bi Tabu, akimnyooshea kalamu. "Wenzako wamekuachia wewe. Mtoto ni wako, na mtungi ni wako. Tiki moja tu, mama. Usinichafulie karatasi."

Hidaya akaishika kalamu. Bangili zikalia. Ng'ambo ya kijito, Chiku, aliyekuwa amesharudi kwenye udongo wake, akaingiza shingo mabegani.

Kalamu ingali hewani. Mkono ulisimamisha, maneno yalinyamazisha, udongo ulituliza, na kimoja kingekosekana mtungi ungekwenda. Wewe unayetafuna muhogo hapo, ungekuwa ndiye Hidaya, tiki yako ungeiweka kisanduku kipi? Na kabla hujajibu, angalia kwanza mkono wako uko wapi.