Shokapu ya Upande wa Kushoto

Haya, wapendwa, akina mama wa kule nyuma nanyi mnisikie. Kulikuwa na dereva mmoja mstaafu. Alikuwa na gari dogo la zamani ambalo shokapu zake za nyuma zilikwisha kabisa, likiingia kwenye shimo linadundadunda hadi mbele ya nyumba ya tatu. Mkewe alikuwa akimwambia, "Baba, mgongo wangu." Naye anajibu, "Nitashughulikia." Akashughulikia kwa miaka miwili, kwa mdomo. Kisha mama akaugua, akafariki. Baada ya arobaini ndipo bwana akaenda kununua shokapu mpya mbili.

Mnacheka? Wangapi humu tumenunua kitu wakati mwenyewe ameshaondoka?

Gari lilikuwa uani, katikati ya ukuta na nyumba, mlango ukifunguka kidogo tu unagonga tofali. Kulitoa haiwezekani, maana mtaa mzima ulikuwa umechimbwa mtaro wa mabomba ya maji. Akasema, kazi ya saa moja hii, nafanya mwenyewe. Akapiga jeki, akalala chali kwenye gunia, akaingia chini.

Upande wa kulia ulimtoa jasho, lakini ukakubali. Upande wa kushoto ukakataa. Waliowahi kushika spana wanajua: nati ya juu iko ndani ya buti, shokapu yenyewe iko chini, nyuma ya tairi. Na ikishika kutu kama ile ya kushoto, ukiizungusha juu, na shokapu inazunguka chini. Ni lazima mmoja ashike chini na mwingine afungue juu. Yeye alikuwa peke yake. Akaifunga kwa kamba, ikateleza. Akaibana kwa jiwe, likaanguka. Akawa anatoka chini, anapanda kwenye buti, anarudi chini, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mikono imechubuka, na ndani ya nyumba hakuna hata wa kumuuliza kama amekula.

Jirani yake alikuwa mzee mmoja mtaratibu, anayetembea na fimbo. Tangu ule msiba ndiye peke yake aliyekuwa bado anapita pale. Siku ya kwanza akaja kwenye geti, "Hodi." Bwana akajibu kutoka chini ya gari, "Niko sawa, mzee wangu." Siku ya pili, "Hodi humu." "Niko sawa, mzee, nakaribia kumaliza." Siku ya tatu mzee akasimama kidogo. "Hodi, mwanangu." "Mzee, si nimesema niko sawa?" Akasikia fimbo inaondoka taratibu.

Sasa niambieni, kwetu hodi inajibiwa nini? Inajibiwa karibu. Mtu hakuuliza kama uko sawa. Ameomba kuingia.

Siku ya nne bwana akashindwa. Akanawa mikono, akaenda kwa mzee kuomba amshikie ile shokapu. Akabisha mara tatu. Kimya. Kumbe geti lina kufuli. Mama wa genge la ng'ambo, anayeuza nyanya, akamwita.

"Unamtafuta babu? Mwanawe alikuja kumchukua jana jioni. Wamehamia mbali, huyo harudi tena."

"Mbona hakuniaga?"

Yule mama akamtazama. "Kukuaga? Si ndiyo alikuwa anakuja siku zote hizo? Jana nikamwambia ngoja nikakuitie. Akakataa, akasema, mwacheni, ana kazi."

Bwana akarudi uani, akakaa ndani ya buti, miguu inaning'inia, akalia kama tulivyolia siku ya kumzika mkewe. Na gari lile lina shokapu moja mpya na moja mbovu hadi leo.

Mnajiuliza nimeyajuaje ya kwenye buti. Nilimkuta amekaa pale. Na msidhani nilifika mapema. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilipita kwake nikabisha, akanijibu kutoka dirishani, "Niko sawa, mchungaji." Niseme ukweli mbele yenu? Nilifurahi. Nilikuwa na safari nyingine, nikageuza pikipiki.

Kwa hiyo sisi tuko wa aina mbili humu ndani, na wengine tuko zote mbili. Tuko tunaojibu "niko sawa" tukiwa tumelala chini ya gari na mikono inatoka damu. Na tuko tunaolisikia jibu hilo tukashukuru Mungu, tukaenda zetu. Hapo ulipokaa, kuna mtu ulimwambia uko sawa wiki hii. Unamjua. Ibada ikiisha usikimbilie nyumbani kupika. Nenda ukambishie hodi wewe. Mimi naenda kwa yule bwana kushika shokapu, na nikisikia "niko sawa", nitakaa palepale getini mpaka aseme karibu.