Jino na Koti Lake Moja

Paukwa.

— Pakawa.

Wa kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlimani kulikuwa na chemchemi ya maji ya magadi. Kila aliyezaliwa pale akayanywa, meno yake yalitoka rangi ya chai. Rangi ya chai, lakini magumu, mfupa yanauvunja.

Pale alikaa Ndeshi na dada yake, Manka. Ndeshi alikuwa ameposwa na watu wa bondeni. Na bondeni wana desturi yao: siku ya harusi bibi harusi anapewa muwa, anaumenya kwa meno mbele ya ukoo mzima, kipande cha kwanza anampa mama mkwe. Akishindwa, anarudishwa kwao.

Ndeshi muwa hakuuogopa. Miwa kaimenya tangu mtoto. Alichoogopa ni kucheka mbele za watu, maana Manka, na ndiye aliyeanza, msisahau, alimwambia, "We Ndeshi, wa bondeni meno yao meupe kama maziwa. Ukifungua mdomo si watasema umekula udongo?"

Neno la dada likishaingia halitoki.

Asubuhi akasaga mkaa, akasugua. Sugua, sugua. Jino la mbele likasema:

"Ndeshi, Ndeshi, polepole,
koti langu ni moja tu,
ukilichana, fundi hakuna."

— Bibi, jino linaongea?

Linaongea. La kwako limejaa ubuyu, litaongeaje?

Ndeshi akajitazama kwenye maji ya mtungi. Akasema, "Bado."

Kesho yake akachota mchanga wa mtoni, ule laini. Sugua, sugua. Jino likasema:

"Ndeshi, Ndeshi, polepole,
koti langu ni moja tu,
ukilichana, fundi hakuna."

Manka akapita na kuni kichwani. "Ee, sasa yanaanza kufanana na ya watu." Yanaanza, kasema. Basi Ndeshi akaona bado.

Siku ya tatu akakata ndimu. Akasugua, akashika maji yake mdomoni mpaka ugali ukaiva. Jino safari hii likasema kidogo tu, kama mtu anayetetemeka:

"Ndeshi, nasikia baridi."

Akasukutua kwa maji ya chemchemi. Maumivu yakatoka kwenye jino yakaenda mpaka sikioni. Lakini meno, meupe pee. Akajisemea, "Maumivu nani anayaona? Weupe ndio unaoonekana."

Harusi ikafika. Watu wakamsifu, Ndeshi akacheka mpaka magego. Kisha muwa ukaletwa. Akauma. Akaachia. Akauma tena, machozi yakamtoka. Ganda halikuchubuka hata kidogo.

Wazee wakanong'ona, "Arudishwe."

Mama mkwe alikuwa amekaa na kanga mdomoni, na ndivyo alivyokaa miaka yote bondeni. Akasimama, akaishusha. Meno yake rangi ya chai. Kumbe naye alizaliwa kule kule kwenye chemchemi.

"Mwanangu," akasema, "nilikuona sokoni unamenya muwa huku unacheka. Nikasema, huyu wa kwetu, ndiye nitakayecheka naye hapa. Meno yale umeyapeleka wapi?"

"Nimeyasugua, mama."

"Ya nini?"

"Ili mnipende."

Mama mkwe akamsogelea. Akachukua muwa, akaumenya kwa meno yake, kra, kra, ukoo wote unamtazama. Kipande cha kwanza akampa Ndeshi. Akawageukia wazee. "Mkimrudisha huyu, mnirudishe na mimi."

Nani angemrudisha? Kawazalia, kawalea.

— Na meno, Bibi, yakapona?

Hayakupona. Koti la jino halioti tena. Ndeshi akanywa maji ya uvuguvugu maisha yake yote, na muwa akamenyewa.

Manka alikuja kumsalimia. Akapewa muwa, akautafuna kra, kra, huku anapiga soga. Ndeshi akamtazama tu. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, yakaisha.

Basi wanangu, jino lisafishe, usilichubue. Na ulimi wako usimkwangue mwenzako meno.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye macho bado akasukutue, alale.