Kambare Ndani ya Wigo

Mpa wigo hakupi jicho. Mzee Ungando aliwaambia hivyo jana, nyinyi vijana wa kikundi cha bustani, mliposema kwamba pampu ikiharibika mtawapigia simu waliowapa waje waitazame. Mkacheka, mkadhani mzee anaongea ya uzeeni. Leo mmekuja kuniuliza mimi: wigo gani, na jicho la nani? Vizuri. Kuuliza si ujinga, ila nyinyi mna tabia ya kucheka kwanza. Basi kaeni, na huyo mwenye simu aizime. Methali hii ilianza hivi.

Zamani kidogo, kabla ya mabomba, watu wa Nyamakonge walikunywa maji ya mto Rufiji. Visima vyao vilitoa maji ya magadi ambayo hata mbuzi aliyakataa. Kwa hiyo kila siku watu walishuka diko, ndipo mahali pa kuteka maji, na mamba nao walijua kwamba watu hushuka diko. Ukiwa pale hukumtaja mamba kwa jina. Ulisema "Yule", basi, na kila mtu akayatazama maji.

Mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani binti Mtoro, alimjua Yule tangu utotoni. Siku moja, angali mtoto, alikuwa amemshika mkono dada yake Mwanaidi, wote wameinama wanateka, na ghafla ule mkono ukachomoka katika mkono wake. Hakusikia kelele yoyote. Maji yalijifunga, ndoo ya dada yake ikabaki inaelea na kuzunguka polepole. Tangu hapo Sikudhani aliogopa kuinamia maji, hata yakiwa maji ya beseni.

Ni msiba ule uliowafanya wanawake wa Nyamakonge waunde kikundi chao, wakakiita Kikundi cha Wigo. Walikata miti migumu wakaikita mtoni kwa nusu duara, ubavu kwa ubavu, mpaka ikalizunguka diko. Kwa juu waliifunga pamoja kwa mapao, fito ndefu zilizofika hadi ukingoni. Kila nyumba ilikuwa na mti wake, na kila mama aliujua wa kwake. Asubuhi, kabla mguu wa mtu haujagusa maji, wa kwanza kufika alishika ncha ya pao akaitikisa. Mti uliokaza ulitulia. Uliooza, au uliochimbuliwa na mkondo, ulitikisa kichwa, na hapo hakuna aliyeteka maji mpaka mwenye mti aitwe aje aukite upya. Akichelewa alisemwa mpaka ajute kuolewa Nyamakonge. Kisha upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ulipitishwa ndani ya wigo kuchokoa chini, kuona kama Yule amejificha. Kazi ilichosha na mikono ilichubuka, lakini tangu wigo ule usimame Yule hakumpata mtu tena pale diko.

Habari zikasafiri. Shirika moja la hisani la mjini, linalotoa ruzuku kwa vikundi vya vijijini, likamtuma Bi Edina, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu. Aliona jinsi miti ilivyooza kila masika na jinsi wanawake walivyohatarisha maisha kuikita upya. Akawauliza wangetaka nini. Wakajibu kwa pamoja: chuma. Hazikupita siku nyingi likaja lori la nguzo za chuma, saruji na wavu mzito wa nyaya. Wanawake wakabeba mchanga, mafundi wakamwaga zege, na wigo mpya ukasimama unang'aa. Siku ya kukabidhiwa walicheza mpaka vumbi likapanda. Sikudhani alilia kwa furaha, akajishangaa mwenyewe.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia, maana halikuingia kwa uvivu. Liliingia kwa adabu. Asubuhi ya kwanza Sikudhani alinyoosha mkono ashike waya wa juu autikise, kama alivyozoea. Wifi yake, Bi Mwantumu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, akamdaka mkono.

"Wee, unamkagulia mtu zawadi yake? Ukipewa kanga utaivuta mbele za watu uone kama itachanika?"

Wenzao wakaguna kumuunga mkono Bi Mwantumu. Msiwacheke, ndivyo tulivyolelewa. Chakula cha kukaribishwa hakinuswi, na kitu cha kupewa hakitikiswi. Sikudhani akarudisha mkono. Upondo ukaenda kuegeshwa nyuma ya nyumba ya mtu, ukawa wa kuangulia mapapai. Hata lile neno "mti wangu" likapotea midomoni mwao, kwa kuwa sasa hakuna aliyekuwa na mti. Ulikuwa wigo wa wafadhili.

Masika yakaja, mto ukafurika, kisha ukashuka. Wigo ulikuwa umesimama vilevile, unang'aa vilevile, na kila mtu alimsifu Bi Edina. Wakasikia kwamba anakuja na wenzake kuwatembelea.

Siku moja kabla ya wageni kufika, wanawake waliokuwa wakiteka maji waliona kitu kinapigapiga matopeni pale ukingoni, ndani ya wigo. Alikuwa kambare, mnene kama paja la mtoto. Wakamrukia, wakamtoa nje kwa kelele na vicheko. Sikudhani alimtazama yule kambare, kisha akayatazama matundu ya wavu. Ngumi ya mtoto isingepita pale.

"Huyu kaingilia wapi?" aliuliza.

"Kaingia mdogo akanenepea humu humu," mmoja akamjibu. "Kwani wewe ulizaliwa na unene huo?"

Wakacheka sana. Sikudhani hakucheka, alikuwa ameshatoka majini. Mkono wake, ule uliokuwa umemshika Mwanaidi, ulikuwa umekufa ganzi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwantumu, akamkuta anachambua mchele wa wageni.

"Wifi, wavu umefunguka chini."

"Umeuona?"

"Sijauona. Nimemwona kambare."

Bi Mwantumu akaweka ungo chini. Si kwamba hakuelewa. Alikuwa mtu wa mto kama wengine, na uso wake ulibadilika. Lakini alipofungua kinywa alisema mengine.

"Wifi yangu, wageni hawa wanakuja kuona kama sisi ni watu wa kupewa tena. Tumeomba mashua ya kupeleka wajawazito hospitali, unajua. Kesho tuwaambie kitu chao kimetoboka? Watasema tumekiharibu. Waache waondoke, keshokutwa tutautazama."

"Na kesho?"

"Kesho wote tuko na wageni, nani atateka? Maji ya wageni yameshatekwa, yako mtungini. Nyamaza, usitutie aibu."

Sikudhani alitaka kubisha, akaondoka zake. Alimwogopa Yule, lakini aliogopa pia kuwa mwanamke aliyewakosesha wajawazito mashua. Usiku huo alilala macho. Kulipokucha alimwita binti yake Zaituni, aliyekuwa akijiandaa kwenda shule.

"Leo usikanyage diko."

"Hata akinituma mwalimu?"

"Hata akikutuma nani."

Zaituni akaitika, kama mnavyoitika nyinyi mkiwa na haraka.

Wageni wakafika. Sikudhani alipangiwa jikoni, na moshi wa kuni ulimsaidia kuficha uso. Kila aliposikia mtu anapita alishtuka. Alikuwa anageuza pilau aliposikia vigelegele vinatoka upande wa mto.

"Kuna nini huko?"

"Wageni wanataka kupiga picha," akajibiwa. "Watoto wa shule wamepangwa diko na ndoo. Wifi yako ameshindwa kukataa."

Mwiko ulimdondoka. Alikimbia bila viatu, kanga ikamvuka njiani, akaiacha.

Alipofika ukingoni aliona migongo ya wageni, na mbele yao watoto kwenye mstari. Aliyekuwa mbele kabisa, maji yamemfika magotini, ameinama na ndoo, alikuwa Zaituni. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa yametulia, yametulia kupita kiasi. Bi Mwantumu alikuwa amesimama kando anatabasamu, na jasho linamtiririka kama mgonjwa wa homa.

Sikudhani akafungua kinywa apige kelele, sauti ikakataa kutoka. Alijiona tena yu mtoto, mkono mtupu, ndoo inazunguka. Asingemfikia Zaituni kwa wakati. Kilichokuwa karibu naye ni waya wa juu, pale pale ulipokuwa mwisho wa pao la zamani. Akaushika kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote.

Wigo ukalia. Nguzo za karibu zilitulia, lakini kule kona ya mbali wavu ulicheza kama mlango usio na komeo. Wageni wakageuka.

"Sikudhani!" Bi Mwantumu akapiga ukelele. "Unatuaibisha!"

Hapo sauti ikamtoka.

"Zaituni! Toka!"

Mtoto akainua kichwa, akamwona mama yake, akakumbuka. Akaiachia ndoo akaruka kuelekea nchi kavu. Bi Edina, aliyekuwa karibu zaidi, akamshika sare akamvuta, wote wawili wakaanguka matopeni. Nyuma yao maji yakapasuka. Kila aliyekuwapo aliliona lile taya. Ndoo ilikuwapo, kisha haikuwapo, wakasikia tu plastiki inavunjika. Maji yakachemka kuelekea kona ya mbali, wavu ukainuka, ukashuka, na Yule akawa amerudi kwenye mto wake.

Watoto walikuwa wanalia. Sikudhani alimshika Zaituni mkono na hakuuachia, hata alipoambiwa anamuumiza.

Bi Edina akakaa vilevile matopeni, akauliza:

"Mlijua?"

"Jana nilimwona kambare," Sikudhani alisema.

"Mbona hamkuniambia?"

Bi Mwantumu alikuwa amepiga magoti, analia. "Tuliona haya, mama. Kitu chako. Tungeanzaje kukutikisia kitu chako mwenyewe?"

Bi Edina akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Nilipokuja mara ya kwanza nilifika alfajiri, nikasimama pale juu, hamkuniona. Nikaona mama mmoja anatikisa pao, na wenzake wote wamesimama na ndoo tupu, wanamngoja aseme. Nikarudi mjini nikawaambia wenzangu, kikundi hiki tukipe ruzuku, kina macho. Wigo nimewapa mimi. Jicho sikuwapa, nililikuta hapa hapa. Mmelipeleka wapi?"

Sikudhani akamwambia mtu akalete upondo.

Kona ile ilifungwa siku hiyo hiyo, Bi Edina mwenyewe akishika nyaya. Ruzuku ya pili, ile ya mashua, ilikuja pia, na Bi Mwantumu ndiye aliyesimama akaomba sehemu ya ruzuku hiyo iwekwe mikononi mwa kikundi, kwa ajili ya kuutunza wigo. Waligawana wavu nyumba kwa nyumba, kila mama akafunga kitambaa kwenye kipande chake, na lile neno "mti wangu" likarudi ingawa hapakuwa na mti. Kila asubuhi wigo ulitikiswa. Bi Edina alipokuja tena, kabla hajamsalimu mtu, alishuka diko akashika waya akautikisa. Wanawake wakampigia vigelegele, wakamwambia sasa amekuwa mwenyeji.

Sikudhani hakupona hofu yake. Wenzake walimwambia atulie sasa, mambo yamekwisha. Akawajibu, "Nikitulia mimi, nani ataogopa kwa niaba yenu?" Na kila alipokuja bibi harusi mgeni, akausifu wigo wa chuma jinsi ulivyo imara, Sikudhani alimshika mkono akauweka juu ya waya. "Mpa wigo hakupi jicho, mwanangu," alimwambia. "Tikisa."

Haya. Pampu yenu iko kule bondeni tangu juzi, na mvua imenyesha. Nani kati yenu ameitazama leo? Mbona mnaangaliana? Simameni basi, chai mtakunywa mkirudi. Mpa wigo hakupi jicho.