Mgeni Aliyekaa Tumboni mwa Jumbe Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifagia uwanja na kugombana na majirani kama sisi, Kifaru alichaguliwa kuwa Jumbe wa kijiji. Siku hiyo hiyo akaacha kula majani.

Naam, Kifaru huyu huyu! Baba yake alikula majani, babu yake alikula majani, na hata hiyo pembe aliyoringia iliota kwa majani. Lakini alipokalia kiti cha ujumbe aliona majani yanamshusha hadhi.

"Majani ni chakula cha wasio na kitu," alimwambia mpishi wake, Bi Kanga. "Mimi uniletee ugali wa sembe nyeupe pe! Maandazi, mkate na nyama ya kukaanga. Maji usinipe. Jumbe hanywi maji kama mkata kuni. Jumbe hunywa chai ya maziwa."

"Haya, Jumbe," akasema Bi Kanga.

Angesema nini tena? Alikuwa mjane, mpole, na wakati huo alikuwa anaatamia mayai. Kiota chake alikiweka pale pale jikoni, karibu na mafiga, ili asonge ugali huku jicho moja liko kwenye mayai. Mayai hayo ndiyo yaliyokuwa dunia yake yote.

Basi Kifaru akala. Akala, akakaa. Shambani haendi, mtoni haendi, kazi yake kiti na sahani. Haukupita muda tumbo likajaa ndi ndi ndi! Ukiligonga linalia du! du! kama ngoma ya harusi. Na choo? Hakipatikani. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba kwa madaha, kijiji kizima kikamsikia, "Mmmmh! Mmmmmmh!" kisha akarudi kama alivyokwenda.

Bi Kanga alimwonea huruma. Siku moja akamtilia mchicha pembeni mwa sahani, ameuunga kwa karanga vizuri. Lo! Sahani iliruka hadi uwanjani.

"Unanilisha kama mbuzi?" Kifaru akanguruma.

Sasa, Jumbe alikuwa na mshauri wake, Fisi. Fisi siku nyingi alikuwa akipita mlangoni pa jiko, akiyatazama yale mayai na kumeza mate. Akaona nafasi ndiyo hii.

"Jumbe, hilo tumbo umerogwa," akamnong'oneza. "Na aliyekuroga ni nani kama si anayekupikia? Ana kinyongo tangu ulipomwaga mchicha wake."

Mwenye maumivu huamini lolote. Kifaru akatoa amri: "Siku ya gulio baraza likikaa, Kanga ahame kijiji. Atoke siku hiyo hiyo!"

Wanangu, mayai hayahamishwi. Mayai yakipoa, yamekufa. Bi Kanga akayafunika kwa mbawa zote mbili, akalia.

Akiwa katika kilio hicho, akaingia jirani yake Digidigi, na kigae mkononi. Mnamjua Digidigi? Miguu kama vijiti, mwili wa kuenea kapuni.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuomba kaa la moto. Ala! Mbona machozi?"

Bi Kanga akamweleza yote. Digidigi akasikiliza, masikio yakichezacheza.

"Na Jumbe anakula nini, shangazi?"

"Sembe, maandazi, mkate, nyama. Na chai ya maziwa."

"Mboga?"

"Ng'o."

"Maji?"

"Hataki kuyaona."

"Kwi kwi kwi!" Digidigi akacheka. "Shangazi, kwa mapishi hayo hata mto ungeziba."

"Basi mwambie, mwanangu! Mwambie!"

"Nimwambie Jumbe hajui kula? Atanikanyaga nibaki doa. Shangazi, nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Na neno la kweli ni hivyo hivyo. Hili tutalipitisha uani. Wewe pika nitakachokwambia, la kusema niachie mimi."

Bi Kanga akamtazama akiondoka, mwembamba vile na kigae chake cha moto. Moyo wake ukasita. Huyu ndiye wa kumwokoa? Lakini hakuwa na mwingine.

Kesho yake Digidigi akafika kwa Jumbe. Kifaru ameegemea kiti, Fisi kando yake. Digidigi hakubisha mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka tumboni, akatega sikio, akapaza sauti:

"Hodi humo ndani!"

Tumbo likajibu: Gruuu, gruuu.

"Starehe, bwana. Umefika lini?"

Gru-gu-gu-gu.

"Wewe! Unazungumza na nani?" akauliza Kifaru.

"Na mgeni wako, Jumbe. Kumbe huna habari? Umefikiwa! Anasema aliingia na andazi, akapapenda, akakaa."

Macho ya Kifaru yakamtoka. "Mgeni? Tumboni mwangu? Mfukuze!"

"Jumbe! Katika kijiji hiki mgeni hafukuzwi. Si juzi tu ulimfokea Nyani barazani kwa kumtoa mgeni wake nje?"

Kifaru akanywea. Kweli alimfokea, tena mbele ya watu. "Sasa muulize anaondoka lini."

Digidigi akatega sikio. Gruuuuuu.

"Mh! Anasema haondoki. Hapa anapata sembe, maandazi na chai ya maziwa, na mwenye nyumba hatikisiki. Aende wapi tena?"

"Hana haya!"

"Hana hata chembe, Jumbe. Lakini mimi ni mdogo, nifundishe. Mgeni wa namna hiyo, aliyeganda na hafukuziki, wenye nyumba humfanyaje?"

Hapo Kifaru akasahau maumivu. Nani asiyelijua hilo? "Hupunguziwa mapishi! Hupewa mboga za majani asubuhi na jioni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Umesema mwenyewe, Jumbe!"

Kisha Kifaru akashtuka. "Lakini hizo mboga zitapita kinywani mwangu!"

"Kupita tu. Kinywa chako ni mlango. Umeona wapi mlango ukala chakula kinachopita?"

Fisi akaruka. "Jumbe, huo ni ujanja! Huyu anataka kukulisha..." Lakini tumbo likamkaza Kifaru, akakunja uso. "Aiii! Nyamaza, Fisi! Mimi sili. Anakula mgeni."

Bi Kanga, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, nusura aliangushe. Mwili mdogo vile, akili zote hizo kaziweka wapi?

Basi jikoni mambo yakageuka. Sembe ikaondoka, ikaja dona, ugali wenye pumba zake. Likaja tembele, ukaja mchicha, asubuhi papai bivu. Chai ikapungua, na kila mlo ukaja na kibuyu cha maji.

"Kidogo kidogo, shangazi," Digidigi alimwonya. "Leo konzi, kesho bakuli. Mgeni ukimbana kwa siku moja atavunja milango."

"Na jembe?" akauliza Kifaru. "Atalishikaje, naye yuko ndani?"

"Mshikie, Jumbe. Wewe tembea nalo hadi shambani, lima, yeye atachoka."

Kifaru mzima akaonekana njiani, jembe begani, anahema hu! hu! hu! Siku za mwanzo tumbo likapiga kelele kuliko zamani, guru-guru-guru.

"Anagombana!" akalia Kifaru.

"Anafunga mizigo," Digidigi akamtuliza.

Bi Kanga aliona jambo jingine, akalinyamazia. Sahani za mchicha zilikuwa zinarudi zimelambwa safi. Na mchana mmoja Kifaru akakohoa, akatazama pembeni, akasema, "Bi Kanga, mgeni anaomba aongezewe."

Siku ya gulio ikafika. Baraza likajaa. Bi Kanga akasimama katikati, kila mara anageuka kutazama jiko. Aliyaacha mayai chini ya majani makavu, na joto halingoji hukumu. Mgeni alikuwa bado hajaaga.

Fisi akasimama, akajilamba midomo. "Jumbe, mpishi huyu amekuroga. Tamka neno, aondoke. Vya jikoni nitavitunza mimi."

Kifaru akafungua kinywa atamke. Neno halikutoka.

Gruuu...

Akatulia. Akafungua kinywa tena.

PRUUUUUUUUUUU!

Salaale! Vumbi likatimka. Njiwa wakaruka kwenye paa, Kobe akaingiza kichwa ndani. Kifaru akakurupuka kwenye kiti, ti! ti! ti! mpaka nyuma ya kichaka. Akakaa huko, akakaa. Aliporudi alikuwa anatembea kama kijana, tumbo limelala, uso unang'aa.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Digidigi akainua kwato moja, akapunga.

"Kwaheri, mgeni! Safari njema!"

"Safari njema!" baraza zima likaitikia, huku wengine wakijiziba midomo.

Fisi akapandwa na hasira. "Mmechezewa! Hapakuwa na mgeni yeyote! Jumbe, umelishwa mchicha! Umekula majani wewe mwenyewe, na yamekufungua tumbo!"

Bi Kanga akafumba macho. Kifaru akamgeukia Fisi polepole, pembe mbele.

"Fisi, unasema hapakuwa na mgeni."

"Hapakuwa, Jumbe!"

"Basi ile sauti, hapa barazani, mbele ya wake kwa waume, ilikuwa ya nani?"

Fisi akarudi nyuma hatua moja. Akaitazama ile pembe.

"Ilikuwa... ya mgeni, Jumbe."

"Aliingia kwa uchawi?"

"Kwa... kwa andazi, Jumbe."

"Basi Bi Kanga ana kosa gani?"

"Hana," akasema Fisi, akaufyata mkia.

Bi Kanga hakungoja zaidi. Alikimbia mpaka jikoni, akajibwaga kiotani. Mayai yalikuwa bado yana joto. Alilia tena, na safari hii kwa furaha.

Jioni Kifaru akaja mlangoni pa jiko peke yake, akainama asiguse dari.

"Bi Kanga, yule mgeni huenda akarudi."

"Huenda, Jumbe."

"Basi mchicha usikome. Na karanga utie. Mgeni... alizipenda karanga."

"Haya, Jumbe," akasema Bi Kanga, akiuficha uso kwa bawa.

Wiki ile ile mayai yakapasuka, ko! ko! ko! Vifaranga wakatoka na kelele zao. Digidigi alipokuja na kigae kuomba moto, akawakuta wamezagaa jiko zima. Bi Kanga akamchagulia kaa kubwa kuliko yote, akamwambia wanawe, "Mwamkieni huyu. Ni mdogo kwa umbo, lakini bila yeye msingeliona jua."

Wakamwamkia wote kwa pamoja, naye Digidigi, mwenye maneno ya kumkabili Jumbe, akainamia kigae chake kwa haya, masikio yakichezacheza.

Basi hadithi yangu nimeiacha pale pale jikoni, wanangu, nanyi malizeni mboga zenu: cheo hukaa kichwani, tumbo halikijui.