Fisi Aliyejua Kobe Dume

Mwaka ule masika yalipita makavu. Mawingu yalikuja, yakatazama chini, yakaenda zao. Madimbwi yakawa vumbi, na wanyama wakikutana njiani walikuwa wakiulizana habari za maji kabla ya kujuliana hali.

Bi Kobe alikuwa na watoto wengi, wote wadogo kama vifuu. Aliwaongoza taratibu mpaka kwa Simba, maana chini ya mwamba wa Simba kulikuwa na chemchemi isiyokauka na kivuli cha kutwa. Akaomba watoto wahifadhiwe uani humo mpaka mvua inyeshe. Yeye mwenyewe angekaa nje na kula atakachojaliwa.

Simba alipenda kuombwa. Akakubali, ila akatoa sharti. Mwaka wa nyuma alikuwa amewafuga kobe dume wawili palepale uani, wakagombana hata mmoja akampindua mwenzake. Hakuna aliyeona. Maskini alikutwa chali juani, amekwisha kufa, na wageni wa Simba walirudi makwao na maneno. Kwa hiyo safari hii madume wakae kwingine. Ni nani awezaye kuwatambua?

Fisi alikuwa amejilaza karibu, jicho moja wazi. Akainuka, akajikung'uta, akasema ukoo wao umewajua kobe tangu enzi za babu yake. Dume na jike kwake ni kama mchana na usiku. Tena, kwa kuwa ana moyo mwema, madume angewachukua nyumbani kwake awalee bila kuomba shukrani.

Bi Kobe alitaka kusema neno, lakini Simba hakupenda kufundishwa ndani ya ua wake mbele za watu.

"Fundi amekwisha kupatikana," akasema. "Mwache afanye kazi."

Fisi akapita kati ya watoto wa kobe. Akawa anamwinua mmoja mmoja, anamgeuza, anampima uzito kama mtu anayechagua papai sokoni. Akimkuta mzito, husema, "Dume," na kumweka upande wake. Akimkuta mwepesi, husema, "Jike," wala hamtazami tena. Mate yalikuwa yakimdondoka. Alipoulizwa, alisema ni jasho la kazi.

Sungura, aliyekuwa amekuja kuomba maji, alisimama kando akitazama. Akaona madume wote ni wanene na majike wote wamekonda. Akaona pia Bi Kobe anavyolia kimyakimya, kichwa nusu ndani ya gamba. Lakini kumwambia Simba kwamba fundi wake ni mwongo ni kumwambia kwamba amedanganywa, na Simba si mtu wa kuambiwa hivyo na mwenye masikio marefu.

Basi akamsogelea Simba, akamwamkia kwa adabu, akamnong'oneza. Wapita njia watasemaje wakiona mfalme amebaki na majike waliokonda, na madume wenye nguvu wako kwa Fisi? Simba akafikiri, akaona ni aibu kweli. Akakohoa.

"Fisi, nimebadili shauri. Madume watabaki kwangu. Wewe chukua majike."

Fisi akatazama lile fungu nene, kisha akatazama lile jembamba. Akameza mate.

"Mzee, nilifanya haraka," akasema. "Sasa nikitazama vizuri, hawa wazito ndio majike. Jike hubeba mayai, lazima awe na mwili."

"Wote?" akauliza Sungura.

"Wote. Ukoo wetu haukosei mara mbili."

Simba akamkazia macho kwa muda mrefu. "Nimebadili tena," akasema polepole. "Chukua madume."

Fisi akafungua kinywa. Akaanza kueleza kwamba wapo kobe ambao, jua likipanda, huwa... Hakumaliza. Wanyama waliokuwa kwenye foleni ya maji walikuwa wamekwisha kuanza kucheka.

Simba hakucheka. Ndiye aliyemwita Fisi fundi. Akamgeukia Bi Kobe na kumuuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, dume ni yupi.

"Sijui, Mzee," akajibu Bi Kobe. "Nimewataga mwenyewe na sijui. Wakiwa wadogo hivi wote ni sawa. Wakikua, tumbo la dume hubonyea ndani na mkia wake hurefuka ukanenepa. Tumbo la jike hubaki bapa. Kabla ya hapo, anayesema anajua ana haja yake."

Simba akauliza afanyeje ili wasipigane. Bi Kobe akamweleza kwamba kwa sasa wakae pamoja, ila nafasi iwe pana na kila mmoja apate pa kujificha. Akionekana anayewasukuma wenzake, atengwe huyo, awe dume, awe jike.

Simba akaamuru hivyo. Kazi ya kukokota mawe na kujenga vijumba akapewa Fisi, na Sungura akawekwa kumsimamia, ujira wake maji. Kutwa kucha kobe wanene walipita katikati ya miguu ya Fisi wakichezacheza, naye akiinama tu, Sungura anamkumbusha kwamba jiwe liko upande ule.

Mvua ziliponyesha, Bi Kobe aliondoka na watoto wake wote, na aliyekonda safari hii alikuwa Fisi. Njia ya mwongo ni fupi.